Mwandiko wa Mama Hansa

Nikigeuka kuutazama ujana wangu, mwanangu, siku moja hunijia mbele ya nyingine zote. Ilikuwa asubuhi, Kariakoo imeshachangamka, wachuuzi wanatandika maturubai yao mlangoni mwetu bila kuomba ruhusa, nami nimekaa nyuma ya kompyuta ya zamani yenye kichwa kikubwa kama televisheni, natengeneza kadi za harusi. Wakaingia wanawake wawili wa Kihindi, mama na binti yake. Binti alibeba kikapu cha chupa. Mama alitembea taratibu, mkono wake wa kulia umening'inia tu, kama kitu alichopewa amshikie mtu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mtu wa herufi?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Mtaani nilikuwa dada wa kadi. Jina langu Somoe, wazazi wangu walitoka Lindi, nami nilikulia Buguruni katika chumba cha kupanga ambamo ukinyoosha mguu unagusa jiko. Duka lile lilikuwa la kaka yangu wa kazi, Deo. Si ndugu wa damu, lakini ndiye aliyenikalisha mbele ya kompyuta akanionyesha kila kitu bila kunificha, na mpaka leo namwombea.

Sasa basi, enzi hizo nilikuwa na ugonjwa mmoja, ule ule ninaouona kwenu vijana wa dizaini wa leo. Nilizipenda fonti, zile sura za herufi za kompyuta, zinazoiga mwandiko wa mkono. Zile zenye mikia mirefu, zenye vikunjo, zinazoonekana kama mtu kaketi na kalamu ya wino akaandika kwa mapenzi. Nilikuwa nazo tele kwenye sidii niliyopewa na rafiki. Kadi ya harusi, mwandiko wa mkono. Tangazo la saluni, mwandiko wa mkono. Hata bango la fundi magari niliwahi kuliwekea, na fundi mwenyewe akaniuliza kama namtania.

Binti wa yule mama aliitwa Bhavna. Ndiye aliyenieleza shida yao. Mama yake, Mama Hansa wa Upanga, alikuwa akipika achari tangu Bhavna hajazaliwa, na maduka mengi ya Kariakoo yakiiuza. Hakuwahi kuchapisha lebo. Kila chupa aliibandika karatasi akaandika mwenyewe: achari ya ndimu, achari ya embe, kali, kali kidogo. Mwenye duka akipanga chupa rafuni, mteja anaujua mwandiko hata kabla hajausoma. Kisha mama akapatwa na kiharusi. Mungu alimwachia akili na ulimi, akamchukulia mkono.

"Kupika tunapika," Bhavna akasema. "Mimi nakatakata, mama anaonja, ananiambia ongeza hiki, punguza kile. Achari ni ile ile. Lakini lebo nimeandika mimi, na wenye maduka wanairudisha. Wanasema wateja wanauliza hii ya nani, wanadhani kuna mtu ametuiga."

Mama Hansa alikuwa anatazama nje. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba wiki ile alikuwa ameshasema waache, wauze masufuria, yatosha. Achari ile ndiyo iliyomsomesha Bhavna na kulipa pango tangu baba yake alipofariki. Lakini mimi sikujua hayo, na sikuuliza. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, ila kijana mwenye majibu tayari mfukoni haoni sababu ya kuuliza.

"Mama, usijali," nikasema. "Hiyo kazi ndogo."

Nikachagua fonti yangu niliyoipenda kuliko zote. Herufi A yake ilizunguka kama utepe. Nikaweka ua pembeni. Deo alipita akasema, "Somoe, hapo umeua!" Nikaprinti, tukabandika chupa moja, nikamkabidhi Mama Hansa kwa mikono miwili nikingoja kusifiwa.

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akauliza, "Huyu nani?"

"Nani, mama?"

"Aliyeandika."

"Ni kompyuta."

"Hapana. Kompyuta haina mkono. Huyu ni mtu, tena mtu wa harusi." Akaigeuza chupa taratibu. "Binti yangu, achari yangu haiendi harusini. Inakaa jikoni, karibu na chumvi. Na hapa umeandika ndimu au ndizi? Anayenunua ni mzee kama mimi, miwani kaiacha nyumbani." Kisha akanitazama, bila hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniingia. "Umenitafutia mkono mzuri, asante. Lakini si wangu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Nikaipokea chupa ile. Nilikasirika, nisikufiche. Nilijiambia huyu bibi hajui dizaini. Walipotoka, Deo akaniambia niwawekee fonti nyingine yoyote tumalizane nao, foleni ya kadi ni ndefu. Nikafungua orodha yangu, nikaanza kupitia moja baada ya nyingine, na kila niliyoifungua nikasikia sauti ya yule mama ikiuliza: huyu nani? Sikumjua hata mmoja, mwanangu. Fonti zote zile, mikono ya watu wote wale, na mimi nilikuwa sijawahi kujiuliza ni ya kina nani.

Nikawakimbilia nje. Niliwakuta karibu na Mnazi Mmoja, Mama Hansa amesimama kupumzika.

"Mama," nikasema huku nahema, "una chupa za zamani? Zenye lebo ulizoandika mwenyewe?"

Akamtazama mwanawe. Kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. "Njoo Jumapili. Uje na njaa."

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya juu, jengo la kale lenye ngazi zinazonuka bizari na sabuni. Bhavna alikuwa amekusanya chupa kutoka kwa majirani, kwa shangazi, hata kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiitumia yake kuwekea vifungo vya nguo. Tukabandua lebo kwa mvuke wa birika, polepole, maana maji yangeuharibu wino. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile niliinama hadi mgongo ukaniuma. Nikazitandaza mezani. Ndipo nilipouona ule mwandiko vizuri: umelalia kushoto kidogo, herufi fupi na nene, A iliyofungwa kama yai, na K iliyonyoosha mguu kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Haukuwa mzuri kwa macho ya kadi za harusi. Ila ulisomeka kutoka upande wa pili wa chumba.

Nilizipeleka dukani, nikaziskani, nikaanza kuzichora upya kwenye kompyuta herufi moja moja kila kazi za Deo zilipopungua. Nilijifunza jambo ambalo hakuna fonti yangu iliyowahi kunifundisha: mtu haandiki herufi moja mara mbili sawasawa. Kwa hiyo nilimchukulia A zake tatu tofauti, ili neno achari lisionekane limepigwa muhuri. Kazi ilikuwa tamu. Mpaka nilipofika kwenye jina.

Maana sasa lebo ya kuchapa ilihitaji jina: Achari ya Mama Hansa. Herufi nyingine zilipatikana, ila H kubwa niliitafuta kwenye lebo zote. Haikuwapo. Nikarudi Upanga.

"Mama, hukuwahi kuandika jina lako kwenye chupa? Hata mara moja?"

Akashangaa kweli kweli. "Niandike la nini? Walikuwa wananijua."

Nilitaka kuibuni mwenyewe ile H, nishone huku na huku kutoka herufi nyingine. Lakini Bhavna alikuwa ameshaleta karatasi na kalamu ya wino mzito, akaviweka mbele ya mama yake, upande wa kushoto. Mama Hansa aliitazama ile kalamu kama mtu anavyomtazama ndugu aliyegombana naye. Madaktari walishamwambia auzoeze mkono wa kushoto, naye alikuwa amekataa, hata kijiko hakutaka kukishika mbele ya watu.

Akaishika. H ya kwanza ilitoka imelegea kama ngazi iliyoliwa na mchwa. Ilitetemeka kutoka juu hadi chini.

Mimi, kwa ujana wangu, machozi yakanilenga. Nikasema, "Mama, ni nzuri hii! Tuiweke hivi hivi. Watu wataona ulivyopigana."

Akaweka kalamu chini. Uso wake ukawa mgumu, nikajua nimekanyaga pabaya.

"Somoe. Mimi nauza achari. Siuzi ugonjwa wangu."

Nikainamisha kichwa. Bhavna akataka kunitetea, mama yake akamzuia kwa jicho. Kisha akanigusa bega, sauti ikalainika. "Mtu akinihurumia, atanunua mara moja. Akiipenda achari, atanunua mpaka anazeeka. Nipe muda. Hiyo herufi nitakupa mimi."

Basi nikampa muda. Kila Jumapili nilipanda zile ngazi. Nilimkuta mezani na magazeti ya zamani, anaandika H juu ya matangazo ya vifo na matokeo ya mpira, na mimi ananipa chapati na achari ya karoti, ananieleza alivyojifunza kuandika Kiswahili kwa kusoma mabango ya maduka haya haya ya Kariakoo. Siku nyingine alikasirika akaitupa kalamu, nikaiokota, akaanza tena. Sikuwahi kumwona mtu mzima akijifunza jambo la mtoto kwa heshima namna ile. Na Jumapili moja aliposukuma gazeti upande wangu, H ilikuwa imesimama. Haikufanana na za mkono wa kulia, ilikuwa pana zaidi, lakini ilisimama kwa miguu yake miwili bila kuomba msaada.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ichukue."

Bhavna alikwenda jikoni, tukasikia bomba limefunguliwa kwa nguvu. Alikuwa analia hataki tusikie.

Lebo niliyotengeneza ilikuwa nyepesi kuliko kazi yangu yoyote ya nyuma. Jina na aina ya achari kwa mwandiko wa Mama Hansa, kubwa, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Viungo, uzito na tarehe nikaviweka kwa herufi za kawaida zilizonyooka, maana anayetafuta tarehe ya mwisho hataki mapambo. Ua nikalitoa.

Tuliipeleka sote watatu kwenye duka lililokuwa la kwanza kurudisha chupa. Mwenye duka aliichukua, akaitazama, akapiga kelele hadi wapita njia wakageuka: "Mama Hansa! Umepona! Umeanza kuandika!"

Ingekuwa rahisi kumwacha aamini hivyo. Mama Hansa akacheka, akasema, "Mkono bado, baba. Amenisaidia binti huyu. Lakini pilipili naionja mimi mwenyewe."

Zile chupa hazikurudishwa tena.

Siku chache baadaye Deo aliuona ule mwandiko kwenye kompyuta, akaupenda, akataka tumwekee mteja wetu mwenye mgahawa. Nilimheshimu mno Deo, na kazi nilikuwa naihitaji. "Kaka, samahani," nikasema, "hii si fonti ya duka. Huu ni mkono wa mtu. Akiuona kwenye wali wa mwingine atajisikiaje?" Deo akasema, "Basi mtafutie wake huyo wa mgahawa." Nikaenda nikamtafutia, nikamkuta mpishi wao ana mwandiko wenye madaha kuliko sidii yangu nzima, akatoa ruhusa kwa furaha. Hivyo ndivyo nilivyopata riziki yangu mpaka mvi hizi.

Mama Hansa aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipotutoka, Bhavna alinipigia simu kabla ya ndugu wengine, na hiyo naihesabu heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa mjini humu. Sina cha kumlipa yule mama. Alinikatalia kazi yangu kwa upole, akanipa nyingine bora, na bado akanilisha. Wangapi tunakutana na mtu wa hivyo? Wengi hukataliwa tu, wakaachwa mlangoni.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuambie wazi, nisizunguke. Mwandiko wa mkono usiutumie kama pambo. Kabla hujaugusa jiulize ni wa nani, na je, anayesema hapo ndiye huyo? Kama ni wa mtu aliye hai, mwombe. Kama umeununua, soma masharti ya aliyeuchora, maana naye alikaa akachoka. Usiuweke pale panapohitaji kusomwa haraka: dawa, bei, njia, simu ya dharura. Pale weka herufi zilizonyooka, na usione aibu. Maneno machache yanatosha kwa mwandiko, ukijaza ukurasa mzima unakuwa kelele. Mpe mzee asome bila miwani, naye akikosea neno, kosa ni lako. Kingine, hiki nakisema kwa sauti ya chini: usichore udhaifu wa mtu ukauita uzuri bila yeye kukuruhusu. Na mteja akikuuliza swali linalokuudhi, usilijibu upesi. Tembea nalo kwanza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, kazi yako ni kuupata ubawa wa ndege mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akutie nuru machoni na utulivu vidoleni. Akukutanishe na watu watakaokukosoa wakiwa wanakupenda, akupe moyo wa kuwasikia, na siku moja akujaalie nawe uwe wa namna hiyo kwa mwingine. Amina.