Breki Mpya, Mikono ya Zamani

Wiki iliyopita nilishuka Moshi mjini kununua mbegu za mboga, nikakuta kibanda cha fundi wangu wa zamani wa baiskeli kimefungwa. Muuza chai wa jirani akaniambia, bila kuacha kukoroga, kwamba walishamzika tangu Ijumaa iliyotangulia. Nikashukuru, nikaondoka. Mbegu sikununua.

Nilimfahamu miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumiminika. Vitu vilikuja vingi, ila mara nyingi vilikuja nusu. Mimi nilipata kwenye soko la Tarakea, mpakani na Kenya, baiskeli yenye breki za diski, lakini imeng'olewa usukani na mikono ya breki. Nikampelekea fundi pamoja na usukani uliopinda wa baiskeli yangu kuukuu ya mbio, na mikono yake, aviunganishe. Akaviunganisha, kisha akawa anabinya na kuachia, anabinya na kuachia, uso haufurahi. Akanieleza kwamba mikono ile ya kale huvuta waya kidogo, na diski zile zinataka waya uvutwe zaidi. Kwenye tambarare ya mjini zitashika. Mlimani, pedi zikilika kidogo tu, mkono wa breki utagonga usukani kabla baiskeli haijasimama. Nisishuke nayo mpaka anitafutie mikono mingine. Nikaitikia. Nilikuwa na haraka ya kuonekana nayo kanisani Mwika.

Jumapili ya pili nikashuka nayo kutoka kanisani. Nilibinya mpaka vidole vikagusa usukani, baiskeli ikazidi kwenda, nikaishia mferejini nimevunjika mguu. Nyumbani waliponiuliza, nilisema breki za fundi zimekataa. Hilo lilikuwa kweli, nami nikaishia hapo. Mjomba wangu akalipeleka sokoni: "Breki za yule hazisimamishi hata kuku." Watu wakacheka, kisha wakahamisha baiskeli zao.

Mwezi haukuisha, fundi akapanda kwetu. Alikuwa mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu yenye damu mchanganyiko, si Mchagga, lakini alikuwa ameuliza desturi. Mkononi alishika jani la isale, ambalo kwetu mtu akija nalo kuomba msamaha, hakataliwi. Mama akalipokea, akaenda kumchemshia chai. Tulipobaki wawili nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Nilikwambia usishuke nayo. Lakini nilikuona una haraka, nikakuachia. Hilo ndilo langu, nimelileta. Lako unalijua."

Akangoja. Nikatazama ukuta. Alipomaliza chai akavaa kofia yake, akashuka.

Siku zile sote tulizoea kuunganisha vitu visivyozaliwa pamoja na kusema vitashika. Yeye alikuwa mmoja wa wachache waliothubutu kusema havitashika, na ndiye aliyepoteza wateja. Wachache walirudi, wengi hawakurudi. Nami kwa miaka mingi nilipita kibandani, akanijazia upepo, tukazungumza habari za mvua, nikajiambia ipo siku nitasema.

Nimechoka kulibeba, ila najua kuchoka si kutubu. Nililojifunza ni dogo, na nimelijua nimechelewa: ukweli unaomhusu mtu mpelekee akiwa bado anaweza kukuitikia. Kwa hiyo ninyi mliohamisha baiskeli zenu kwa maneno yaliyotoka nyumbani kwetu, jueni leo kwamba fundi alinionya, nami nilimsikia vizuri.