Kitabu cha Ujerumani hakina ukurasa wa msiba

Leo, stendi ya Same, nimeshindwa kumjibu binti yangu.

Neema alikuwa muuguzi kule Gonja. Amepata kazi Ujerumani, nami nikamnunulia kitabu cha wasafiri.

(Kinaeleza vizuri sana majumba ya wafalme, treni na bia.)

Tukisubiri basi la Dar, nikamsomea sura ya desturi: usimtembelee mtu bila miadi.

Akacheka. "Hata jirani, baba?"

"Hata jirani, mwanangu."

"Sasa wewe ukifa nikiwa huko, nani atakuja kukaa matanga na mimi?"

Nikapekua kitabu mpaka jalada la nyuma. Hakuna kitu.

Basi limeshaondoka naye.

Mliowahi kuishi huko, niambieni ukweli: siku hiyo, nani atabisha hodi kwake?