Bei ya Ndugu

Mpiga picha wa wikiendi amebandika bei mbili kwenye mlango wa sebule yake: bei ya wateja, aliyoipigia hesabu na mkewe wiki nzima, na bei ya ndugu, ambayo ni nusu yake. Mpango ni mzuri, ila kinywa chake hakiujui. Mtu baki akikaa mbele ya shuka jeupe akiwa amekaza uso, yeye hufuta lenzi kwa pindo la shati, hunyoosha kidole kana kwamba anainua kidevu kwa mbali, na kusema taratibu, "Legeza mabega, shangazi." Uso hulegea papo hapo, picha hutoka safi, na shangazi hulipa nusu.

Jumamosi hii mkewe amemwapisha: wote ni wateja. Akaingia mzee asiyemjua kabisa, uso umefungwa kama duka lililofilisika. "Tabasamu, mteja." Wapi. "Mteja, tafadhali." Jikoni mkewe akakohoa kumtia moyo. Akafuta lenzi tena, akaitazama sura ile inavyopotea bure, akanong'ona, "Baba mdogo, kidevu juu kidogo." Mzee akachanua tabasamu mpaka mapengo yakaonekana, na picha ikawa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Kisha mzee akainuka, akageukia jikoni.

"Mkwe wangu, kumbe upo? Hivi sisi ndugu tunalipa ngapi?"