Sabufa ya Mama Sufuria

Mama Sufuria hakuja na salamu. Alizima injini mbele ya kibanda cha Fundi Besi, akafungua buti, akasukuma kando masufuria yaliyopangwa hadi juu, kisha akasema, "Gusa."

Fundi Besi akagusa. Hakutumia kiganja, mtu wa nyaya hutumia mgongo wa mkono, ili kama kuna moto mkono ukimbie wenyewe. Sabufa, ile spika kubwa ya besi, ilikuwa ya moto kama pasi, na ilinuka gundi iliyoungua.

"Mara ya tatu hii, fundi. Ya nne nitakuja na godoro nihamie hapa."

"Karibu, mama. Nafasi ipo, ila masufuria yatalala nje."

Hakucheka. Kwake muziki haukuwa starehe. Aliuza vyombo kwenye buti, mtaa kwa mtaa, na besi ndiyo iliyowatoa watu ndani. Bila besi alikuwa mwanamke aliyeegesha gari juani, basi.

"Leo ukishindwa nampelekea yule fundi wa ng'ambo ya barabara," alisema. "Na nikiulizwa nani aliniharibia, sitaficha jina."

Fundi Besi alilielewa hilo vizuri. Kibanda chake, mabati manne na meza yenye makovu ya risasi ya kulehemu, kilisimama kwa midomo ya watu tu. Miaka ishirini na miwili nyuma aliunguza redio ya shemeji yake, akaambiwa aitengeneze au asirudi, akaitengeneza. Chuo chake kilikuwa hicho. Alifunga nyaya kwa macho na kupima sauti kwa masikio. Yule wa ng'ambo, aliyepima kila kitu kwa mita, kile kifaa cha kupimia umeme, Fundi Besi alimwita Daktari. "Muziki una homa gani hadi upimwe?" alizoea kuwauliza wateja, nao walicheka wakabaki kwake.

Alianzia kwenye betri. Fyuzi ilikuwa nzima, ya kiwango chake. Hakuna aliyechomeka msumari mahali pake. Waya mkubwa wa umeme akaukwaruza kwa kisu: shaba tupu hadi ndani, si ile alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Aliununua kwa kubishana nusu siku, na sasa ubora wake ulimnyima kitu cha kulaumu. Waya wa hasi ulikuwa umebanwa na bolti kwenye chuma alichokipiga msasa mwenyewe mpaka kikang'aa. Akaupapasa kote. Baridi.

"Washa tuusikie," alisema.

Mama Sufuria akawasha. Vifuniko vikacheza. Fundi akainamisha kichwa, akafumba macho kama kawaida yake.

"Safi. Sauti imetulia."

Mama Sufuria akamtazama. "Imetulia wapi? Inakwaruza, fundi. Kama mtu anaburuta sufuria kwenye saruji. Tangu siku ile ulipoifunga. Nikadhani ndivyo mafundi mnavyotaka."

Fundi Besi hakusikia mkwaruzo wowote. Mshindo aliusikia, tena hadi kifuani. Akakumbuka simu yake, ambayo siku hizi mke wake ndiye aliyemwambia inaita. Akakumbuka ndege wa juu ya bati, ambao mwaka mzima alidhani wamehama.

Akainama kwenye amplifaya, ile mashine inayoikuzia sabufa sauti. Pale pembeni kulikuwa na kile kitufe kidogo cha kuongeza nguvu, kinachozungushwa kwa bisibisi. Alikuwa amekizungusha akitafuta utamu fulani wa sauti, na utamu haukuja, akaendelea kuzungusha. Ukipitisha kiasi, amplifaya haina tena sauti ya kutoa. Inatoa mkwaruzo na joto, na sabufa ndiyo inayoungua.

Angeweza kusema sabufa ni feki. Maneno hayo yako mdomoni mwa kila fundi, na mteja huwa anayaamini.

"Mama, nyaya hazina kosa," alisema. "Kosa ni langu. Huo mkwaruzo mimi siusikii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mkeo anajua?"

"Yeye ndiye anayepiga kelele siku nzima."

Mama Sufuria akazima muziki. Fundi akavuka barabara.

"Daktari, niazime mita."

Daktari akainua macho toka kwenye kazi yake. "Nani mgonjwa?"

"Mimi."

Daktari akampa, akarudi kwenye kazi yake, na hilo liliuma kuliko kama angecheka.

Fundi akaitoa sabufa kwenye nyaya zake, akacheza mlio mmoja ulionyooka kwa simu ya Mama Sufuria, akapima umeme unaotoka kwenye amplifaya. Sabufa ile ilistahili volti arobaini. Mita ikasoma hamsini na nane. Akarudisha bisibisi polepole hadi arobaini, akaunga nyaya, wakaiacha ipige nusu saa. Mama Sufuria akauza sufuria mbili hapo hapo.

"Inakwaruza?"

"Haikwaruzi. Imepungua nguvu kidogo, lakini watu wametoka."

Fundi akaweka mgongo wa mkono. Uvuguvugu tu.

"Sikudai kitu, mama."

"Najua hunidai. Sasa nikwambie. Nunua mita yako, andika pale mbele kwamba hapa sauti hupimwa kwa mita, halafu upandishe bei."

"Miaka yote nimewacheka wenye mita."

"Na mimi nilisema vifuniko vya kioo ni vya wajinga. Siku hizi ndivyo ninavyouza. Nani ameniuliza?"

"Na mkwaruzo atasikiliza nani?"

"Mteja. Si ana masikio? Muulize, ni bure." Akaonyesha kwa kidevu waya uliobaki juu ya meza. "Mimi si bure. Nipe mikono sita ya ule, nataka taa ya buti."

"Minne."

"Sita, na mdomo nimeufunga."

Fundi Besi akaupima waya kwa mkono wake mwenyewe, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, mara sita, akakata.