Chembe cha Moyo

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali, Upanga, nikisubiri majibu yangu. Pembeni yangu daktari kijana wa utafiti alikuwa akiandikisha wagonjwa: wa moyo chumba cha kulia, wa tumbo cha kushoto. Akaketi mama muuza vitenge wa Kariakoo.

"Shikamoo, mama. Unaumwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Chembe cha moyo."

Daktari akaandika moyo. Nesi aliyesimama nyuma yake akamgusa bega. "Dokta, chembe cha moyo ni hapa, juu ya tumbo."

Akafuta, akaandika tumbo. Nesi akamgeukia mama. "Kinauma wakati gani?"

"Nikipanda ngazi. Nikisimama kinaacha."

Kalamu ikabaki hewani. Hata mimi nilijishika kifuani, nisijue nimeshika nini.

Wakampima kwa mashine. Ulikuwa moyo, tena si wa kurudi nao nyumbani. Kumbe miezi mitatu alikuwa akitafuna vidonge vya kiungulia vya duka la Msimbazi. Siku hizi maduka yana dawa za kila rangi. Wa kukuuliza inauma lini ndiye adimu.

Wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. "Sasa mwanangu," akauliza, "vile vidonge vilikuwa vinatibu nini?"