Kiti cha Muko Mbele ya Hangari

Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Godefroid alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa hangari yake, jicho limebandikwa kwenye ufa wa bati, na hana njia ya kutoka. Mlango haukuwa na kufuli. Hakuna aliyemkataza kutoka. Kilichomfunga kilikuwa kiti cha plastiki cha bluu, hatua kumi na mbili kutoka pale, na juu ya kiti alikaa mama mmoja mwembamba, kikwembe cha kitenge mabegani, anaota jua.

Mama huyo aliitwa Numbi, na ndiye aliyemzaa Victorine, mke wa Godefroid. Alikuwa muko wake. Kwa watu waliotoka kaskazini ya Katanga, pande za Kabalo na Kongolo, muko si mtu wa kuchezea. Mwanaume hamtazami muko wake usoni. Hali chakula mbele yake, hapiti mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mama naye anamkimbia mukwe wake vilevile. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa, Godefroid alijua sauti ya Mama Numbi na kisogo chake. Uso hakuujua.

Miaka yote hiyo haikuwa shida, maana mama alikuwa Kabalo na yeye Lubumbashi, na kati yao kulikuwa na siku nyingi za treni. Lakini mwezi wa tano, baridi ilipoanza, kikohozi kilimshika mama. Wakamleta Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora, kwa Victorine, na daktari akasema: dawa hizi, na jua, jua mingi. Sasa lupango lao, ule uwanja wa nyumba, lilikuwa jembamba kama mkanda. Nyumba ilikula jua la upande mmoja, ukuta wa jirani ukala la upande wa pili. Sehemu yenye jua la kweli ilikuwa moja tu, pale katikati, usoni kwa hangari. Victorine akaweka kiti pale. Saa mbili mama anatoka, saa kumi anaingia.

Godefroid alidhani ni mambo ya siku chache. Akawa anaingia hangari kabla mama hajatoka, anatoka mama akishaingia. Siku zikawa wiki, wiki zikawa mwezi. Chai ilipita dirishani, bukari, ugali wa kwao, ikapita dirishani. Kwa haja ndogo alikuwa na kidumu cha mafuta cha zamani, jambo ambalo fundi aliyetumikia miaka thelathini na minne katika karakana za reli hakupenda kulizungumza.

Ndani ya hangari kulikuwa na moto kumi na moja, pikipiki za Kijapani za zamani, nyingine zina umri mkubwa kuliko Aristote, mtoto wake wa kwanza. Kulikuwa na Honda ya mwaka sabini na mbili aliyoikuta imekuwa kiota cha kuku, na Suzuki iliyokuwa ya muuguzi mmoja wa Kamina. Kulikuwa na Kawasaki isiyo na gurudumu la mbele, na pengine haitalipata. Hakuna hata moja aliyoifanya kwa kuuza. Alizifungua, akazisugua, akazifunga tena, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea chuma, na pensheni haizoeshi mikono kitu kingine. Vijana wa manseba, wale wanaobeba watu kwa moto mpya kila kona ya mji, walimcheka: “Muzee, iyo vyuma unangojea ifufuke siku ya Pasaka?” Naye aliwajibu kwamba moto zao zitakufa kabla hawajamaliza kuzizoea.

Lakini moja katika hizo kumi na moja haikuwa sawa na nyingine. Ilikuwa Yamaha ya mwaka sabini na tisa, na ilikuwa na pacha. Miaka tisa nyuma, yeye na rafiki yake Raoul walizikuta zote mbili nyuma ya banda la nguruwe, katika misheni moja ya huko juu kaskazini, namba za fremu zinafuatana. Wakazipakia katika behewa, wakazileta, wakagawana: moja wewe, moja mimi. Na wakapatana neno moja tu. Hakuna atakayeipanda ya kwake barabarani mpaka zote mbili ziwe hai, na siku hiyo watakwenda pamoja mpaka Kasapa, nje kidogo ya mji, na kurudi.

Raoul, mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa maharagwe na samaki kwa jumla, alimaliza ya kwake miaka miwili iliyopita. Akaifunika shuka, akangoja. Ya Godefroid ilikosa silinda, na silinda haikuonekana mpaka mwaka huu, kule Ndola. Sasa kilichobaki kilikuwa kufunga kabureta.

Basi Alhamisi hiyo Victorine alikuja dirishani.

“Papa Aristote, Raoul iko ku mulango. Anasema ni ya haraka.”

“Mwambie apite. Yeye hana muko hapa.”

Raoul alipita mbele ya kiti, akainama, akamsalimu mama kwa mikono miwili, akaingia hangari akitabasamu.

“Muzee Godé! Unajificha kama mwizi wa kuku mu lupango yako mwenyewe?”

“Sema polepole. Atasikia.”

“Nimemusalimia sasa hivi. Amenibariki hata. Mama wa kilo makumi tatu, ndiye anakufunga hivi?”

“We hauko mukwe wake. Ungekuwa mukwe, ungeruka ukuta.”

Raoul alicheka, halafu akaacha kucheka. Akakaa juu ya tairi.

“Sikiliza. Kule Kolwezi wamenipatia depo ya kuweka mizigo. Kuhama si mwisho wa mwezi tena. Ni Jumamosi hii. Gari ya mizigo inatoka saa tano, na mimi na bibi na kila kitu tuko ndani.”

Godefroid aliishika kabureta mkononi, akaigeuza, akaiweka chini.

“Na Yamaha?”

“Itapanda gari pia. Kwa hiyo ni Jumamosi asubuhi, ao basi tena, yaya, mukubwa wangu. Huko mi sitakuwa na muda wa kurudi kwa ajili ya moto.”

Wakafanya hesabu ya saa. Jumamosi kabla ya saa mbili Raoul atakuwa anapakia mizigo; baada ya hapo mama atakuwa juani, na moto haitapita mbele yake. Tena moto yenyewe bado haijawashwa. Kuiwasha ni kuipanda, kupanua miguu, kuinua mguu wa kuume juu, kisha kuipiga kiki kwa uzito wote, matako hewani. Afanye hivyo mbele ya mama aliyezaa mke wake? Bora aende Kasapa kwa magoti. Kwa hiyo wakapatana: kabureta itafungwa leo na kesho. Kesho Ijumaa, saa kumi, mama akishaingia, Godefroid ataisukuma moto nje bila kuiwasha, ilale kwa Raoul. Jumamosi wataiwashia huko, waende zao.

“Saa kumi,” Raoul alisema.

“Saa kumi. Nitamwambia Victorine.”

Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Victorine ni mtoto mwenye adabu, na akamwambia mama yake: kesho saa kumi mukwe wako anataka kutoka na moto yake. Mama Numbi aliposikia, moyo wake uliingia baridi. Kumbe yeye naye, mwezi mzima, alikuwa akikaa pale kwa mateso. Alijua kuna mwanaume nyuma ya bati. Alikaa mgongo umenyooka, hathubutu kujikuna, na choo kilikuwa nyuma ya nyumba, hakukiendea mpaka jioni. Akasema moyoni: huyu mtoto wa watu nisimzuie njia, nitaondoka mapema, nitajificha nyuma ya nyumba mpaka apite.

Ijumaa, saa tisa na nusu, Godefroid alitazama kwenye ufa. Kiti kitupu. Victorine alikuwa sokoni bado. Akafikiri: mama ameingia mapema, Mungu ni mwema. Lakini akafikiri pia, na hiyo ndiyo heshima ilivyo, haina mwisho: nikipita mbele, nitapita chini ya dirisha la chumba chake. Mtu mwenye adabu atazunguka nyuma ya nyumba.

Akazunguka nyuma ya nyumba.

Pale kwenye kona, kati ya ukuta na pipa la maji, pana upana wa moto moja na mtu mmoja. Gurudumu la mbele lilipopinda kona, Mama Numbi alikuwa pale, amesimama, kikwembe kichwani, anangoja saa kumi. Wakawa uso kwa uso, hatua moja.

Mtu mwingine angejifunika macho, angegeuka na kukimbia. Godefroid hakuweza. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika usukani. Kama angeachia, moto ingelala upande wa mama, kilo mia juu ya miguu ile miembamba. Kurudi nyuma hakuweza, kisigino kilikuwa kwenye pipa. Akasimama pale ameshika chuma, na macho yake yakaona. Aliona uso wa Victorine, ila umekauka, na jicho moja lina ukungu. Mama alijifunika kwa viganja, lakini amekwisha kuonwa, na yeye amekwisha kuona.

“Yesu Maria,” mama alisema kwa sauti ndogo. “Mutoto wangu, geuza uso.”

“Nimegeuza, mama,” Godefroid alijibu, machozi karibu. Hakuwa amegeuza kitu. Alikuwa amefumba macho.

Wakakaa hivyo mpaka Victorine aliporudi na kikapu, akapiga kelele, akamvuta mama yake ndani.

Jambo la namna hii katika ukoo wa Victorine halifutwi kwa pole. Walimpigia simu baba yake mdogo, Mzee Mbuyi, anayekaa Likasi.

“Mbuzi,” akasema. “Nitakuja Jumapili kiisha misa, tutaosha kosa. Mpaka siku ile, mukwe asitoke mu lupango, na mama asitoke mu chumba. Munasikia? Mama iko mugonjwa. Kosa likitoka inje mbele ya kuoshwa, na mama akizidiwa, bantu watasema nini?”

Kila mtu alijua watu watasema nini: mukwe amemuua muko wake.

Jumamosi, saa mbili, jua lilitoka zuri na kiti kilikuwa kitupu. Uwanja wote ulikuwa wazi, kutoka hangari mpaka mlango wa barabara, na Godefroid hakuweza kuuvuka. Mwezi mzima alikuwa ametamani kiti kile kiondoke. Sasa kimeondoka, na amefungwa kuliko jana.

Raoul alifika. Yamaha yake aliisukuma kwa miguu tangu nyumbani, hakuipanda, neno ni neno. Victorine alikuwa amemweleza kwa simu. Raoul akabaki upande wa nje wa ukuta.

“Yaya Godé!”

“Niko.”

“Toka basi! Saa moja tu. Kasapa, tunageuza, tunarudi. Mbuyi iko Likasi, ana macho ya kuona mpaka huku?”

“Si Mbuyi, Raoul.”

“Ni nani sasa? Mutu muzima wa miaka makumi sita na sita, umefungwa na kikohozi!”

Victorine alitoka nyumbani, akaenda mwenyewe kwenye mlango mkubwa, akaufungua wazi, akasimama pembeni.

“Enda,” alimwambia mumewe, bila kumtazama. “Mi sitasema kitu. Nimekuona na hii moto miaka tisa. Enda.”

Barabara ilionekana, na kipande cha gurudumu la Raoul, na vumbi. Godefroid aliisukuma Yamaha mpaka kizingiti cha hangari. Tangi lilikuwa jekundu, alilisugua ndani kwa changarawe na siki siku nne. Akaweka mguu mmoja nje. Na ndani ya chumba, nyuma ya dirisha lililofungwa, mama akaanza kukohoa. Kikohozi kirefu, kinachopanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Godefroid alingoja kiishe. Hakikuisha upesi. Kilipoisha, aliurudisha mguu ndani.

“Funga mulango, mama Aristote,” alisema.

Victorine aliufunga. Halafu Raoul akasema, kwa sauti nyingine kabisa:

“Basi iwashe. Nisikie kama iko hai.”

Godefroid alifungua bomba la petroli, akangoja, akapanda. Kiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu ilimrudisha mguu kama teke la punda. Ya nne Yamaha ikakohoa, ikashika, ikalia, sauti kali ya moto za kuchanganya mafuta na petroli, na moshi wa bluu ukajaza hangari mpaka kwenye paa. Nje ya ukuta, ile ya Raoul ikaitika. Zikalia pamoja, moja ndani, moja nje, na kwa kitambo mtu hakuweza kusema ipi ni ipi.

“Ile injini yako inachelewa!” Raoul alipiga kelele.

“Ni yako inachelewa! Yangu iko inakungojea!”

Zikalia dakika kumi. Halafu Raoul akapaza sauti kwamba gari la mizigo linangoja, kwamba akae salama, kwamba Kolwezi si Ulaya. Godefroid alisikia gia ya kwanza. Akaisikiliza moto ile ikishuka avenyi, ile barabara ya vumbi, gia ya pili, ikipunguza kwenye shimo la kona, gia ya tatu, ikaingia lami, ikachanganyika na moto za manseba wote wa pande zile za Kampemba.

Ya kwake bado ilikuwa inalia chini yake, imesimama. Aliifunga petroli, akangoja ijimalize yenyewe.

Victorine alikuja dirishani, anapunga moshi kwa mkono.

“Mama anauliza kama umemaliza. Anasema si ati uache. Anauliza tu.”

Godefroid alikuwa bado juu ya kiti cha moto, miguu yote miwili chini.

“Mwambie nimemaliza,” alisema. “Na mufungulie dirisha, moshi utamuumiza.”