Chumba cha Kuonyeshwa Jumapili

"Dada, usinikazie macho kama nimekuibia kuku. Nilimwonyesha chumba, akakipenda mwenyewe."

Hivyo ndivyo dalali alivyonilalamikia asubuhi ile, kabla sijafunua hata cherehani yangu. Benchi lake liko ubavuni mwa meza yangu, mwaka wa tisa sasa. Alikuwa dereva wa lori mpaka jicho moja lilipoingia ukungu. Tangu hapo anawatafutia wanachuo vyumba vya kupanga. Anajua bomba lipi halitoi maji na mwenye nyumba yupi anazima umeme saa tatu usiku. Na kile chumba kinachopakana na mashine ya kusaga, hukionyesha Jumapili tu, mashine ikiwa imelala.

"Ulimpeleka Jumapili," nikamwambia.

"Na wewe alipokuuliza kama pametulia, ulimjibu nini?"

Nikafunua cherehani. Nilimjibu pametulia, mwanangu, kisha nikamuuliza upana wa dirisha. Kila anayepata chumba, dalali humleta kwangu ashonewe pazia. Ndiyo biashara yetu.

Jana yake yule binti mwanachuo aliyepanga chumba hicho alikuwa amekuja, macho mekundu, daftari limejaa vumbi la unga. Mtihani ulibakiza wiki mbili. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, ukinishonea pazia zito zaidi, kelele zitapungua?" Heri angenitukana.

"Akifeli, tumemfelisha sisi," nikamwambia dalali. "Jicho lako lililobaki linaona vizuri tu. Kibovu ni roho."

"Ulimi huo ungeutumia siku ile."

Akachukua funguo zake, akaondoka bila kuaga. Nilidhani amenuna. Kumbe alikwenda kwa mwenye nyumba, akamng'ang'ania mpaka mzee akakubali kumhamishia binti kwenye nyumba yake ya pili, nyuma ya bohari, mbali na mashine, kwa kodi ileile aliyokwisha kulipa. Jioni nikamwona anapita na godoro kichwani, binti yuko nyuma na ndoo.

"Udalali wa hiki ni kiasi gani, baba?" binti akamuuliza.

"Nilishakula wa kwanza. Nikila na huu nitavimbiwa."

Ikabaki zamu yangu. Kesho yake binti alikuja kumalizia hela ya pazia.

"Kaa nayo," nikamwambia. "Siku ile nilijua kuna mashine."

Akaweka noti mezani.

"Kushona umeshona," akasema. "Hii ni haki yako."

Nikaipokea. Sikuwa na uso wa kubishana naye.